Shamba Lako, Kulungu wa Nani? Mjadala wa Kentucky

Kila mwaka msimu wa kuwinda kulungu unapokaribia katika jimbo la Kentucky, Marekani, swali moja hurudi vinywani mwa wasemaji wa Kiswahili waliohamia huko, wengi wao kutoka mashariki ya Kongo. Mtu aliyenunua shamba kwa jasho lake ana haja gani ya kupangiwa na serikali siku ya kumpiga kulungu anayelala ndani ya uzio wake?

Swali hilo tumeliweka mbele ya sauti tatu. Mkulima ni mzee kutoka Kivu Kusini mwenye shamba la soya na mahindi. Wakili ni dada kutoka Tanzania. Mpwa ni mtoto wa dada yake Mkulima, mwindaji hodari asiye na ekari hata moja. Mwenyekiti anaongoza mjadala. Wasemaji ni wa kubuni. Sheria, kesi na miaka wanayoitaja ni ya kweli. Kulungu wanayembishania ni yule wa mkia mweupe, anayepatikana karibu kila kona ya mashariki mwa Marekani.

Hoja: Mwenye shamba aachiwe kuwinda kulungu ndani ya mipaka yake bila kupangiwa na serikali.

Kulungu ni wa nani?

MWENYEKITI: Mzee, hoja ni yako. Ifungue.

MKULIMA: Nitaanzia nilikotoka. Kongo, tangu sheria ya mwaka 1973, udongo wote ni mali ya serikali; raia hupewa haki ya kuutumia tu. Wazee wetu walilima, wakazikwa palepale walipolima, na hawakuacha karatasi ya kumwonyesha mtu. Hapa nina hati yenye jina langu. Kodi ya ardhi nalipa kila mwaka. Nguzo za uzio nimezichimbia mwenyewe. Soya ikichomoza majani mawili, kulungu wanashuka jioni kutoka msituni na kuikata mstari kwa mstari. Nikilalamika naambiwa: ardhi ni yako, mnyama si wako. Sawa, ni wa nani basi? Kama ni wa serikali, serikali inachunga mifugo yake kwangu bila kulipa malisho. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wangu jembe hashiki, na bunduki yangu naambiwa ingoje msimu.

WAKILI: Mzee wangu, uchungu wako naujua, na sitakuambia kulungu ni wa serikali. Akiwa hai na huru, si wa mtu yeyote. Mwaka 1805 mahakama ya New York iliamua kesi ya wanaume wawili waliogombania mbweha, Pierson na Post. Post alimkimbiza na mbwa wake, Pierson akajitokeza akamuua na kumchukua. Mahakama ilimpa Pierson: kumfukuza mnyama hakumfanyi awe wako, kumtia mkononi ndiko. Kwa hiyo hata kulungu aliyezaliwa shambani mwako na kunenepa kwa soya yako hajawa wako. Anaweza kuruka uzio usiku huu, kesho akawa kwa jirani.

MKULIMA: Nami nasema hivyo hivyo! Si wa mtu. Basi serikali imetoa wapi mdomo?

WAKILI: Imepitia njia ndefu. Mwaka 1896, katika kesi ya Geer dhidi ya Connecticut, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wanyamapori ni wa watu wote wa jimbo kwa pamoja, na serikali ni mdhamini wao. Mwaka 1979, katika kesi ya Hughes dhidi ya Oklahoma iliyohusu samaki wadogo wa chambo, mahakama ileile iliitupa hukumu hiyo. Ilisema kudai kwamba jimbo linammiliki samaki aliye mtoni ni maneno ya kubuni tu.

MKULIMA: Mwenyekiti, andika hapo. Wakili ameshinda kwa niaba yangu.

WAKILI: Ngoja kwanza, Mzee. Mahakama iliondoa umiliki, mamlaka ikayaacha. Jimbo bado lina haki ya kuwalinda wanyama walio ndani yake, mradi lisiwabague watu wa majimbo mengine katika biashara. Kwetu Tanzania sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inawaweka wanyama wote chini ya Rais kama mdhamini wa umma. Maneno yanatofautiana, lakini mwenye hati ya ardhi anabaki palepale katika nchi zote mbili: ana mamlaka juu ya anayeingia langoni, hana mamlaka ya pekee juu ya anayeruka uzio.

MPWA: Mjomba, naomba nami niseme. Hoja yako ikipita, mimi nitawinda wapi?

MKULIMA: Kwangu, mwanangu. Nani amekufukuza?

MPWA: Kwako, ndiyo, kwa sababu mama yangu ni dada yako. Na yule kijana ninayefanya naye kazi ghalani, asiye na mjomba mwenye shamba? Uingereza walikuwa na sheria ya mwaka 1671: mtu asiyekuwa na ardhi ya kumwingizia pauni 100 kwa mwaka, au haki nyingine chache zilizotajwa, hakuruhusiwa kuwinda. Mpangaji aliona sungura akila kabichi yake na hakuweza kumgusa. Waliovuka bahari waliikumbuka chuki hiyo. Katiba ya Pennsylvania ya 1776 na ya Vermont ya 1777 ziliandika wazi kwamba watu wana uhuru wa kuwinda katika ardhi yao na katika ardhi nyingine isiyozungushiwa uzio. Ukisema kulungu afuate hati, unanirudishia wale mabwana wa 1671, ila safari hii bwana ni wewe.

MKULIMA: Mimi bwana? Mimi ninayeamka saa kumi alfajiri?

MWENYEKITI: Jibu hoja, Mzee, usijibu tusi ambalo halikutolewa.

MKULIMA: Najibu. Sisemi jirani azuiwe kuwinda kwake wala maskini azuiwe kuwinda kwenye ardhi ya umma. Nasema ndani ya mipaka yangu nihesabu mwenyewe. Mkulima asiyejua kuhesabu alichonacho hakai shambani miaka miwili.

MPWA: Hesabu hiyo ilishajaribiwa, Mjomba, kila mtu ajihesabie. Mwaka 1916 Kentucky nzima ilikuwa imebaki na kulungu wasiofika 1,000. Watu walipiga mwaka mzima, wakapiga majike yenye mimba, wakauza nyama na ngozi mjini. Walioko leo, karibu milioni moja, wametokana na kazi ya miongo mingi. Kulungu walikamatwa mahali walikobaki, wakasafirishwa, wakaachiliwa kaunti baada ya kaunti hadi mwaka 1999. Wa kwako wametokana na kazi hiyo.

MKULIMA: Na nani aliwaomba wawalete?

WAKILI: Wawindaji waliomba, na wakalipia. Idara ya samaki na wanyamapori ya Kentucky haiendeshwi kwa fungu la kawaida la kodi za jimbo. Inategemea leseni, vibali, na fedha za sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, inayotoza ushuru wa asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi. Hata wewe usiyekata leseni umechangia kila uliponunua risasi.

Msamaha wa leseni unaishia wapi?

MWENYEKITI: Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mzee, wewe huna leseni?

MKULIMA: Sina, wala sitakiwi kuwa nayo. Hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba serikali inajua shamba ni langu.

WAKILI: Inajua, na imekuheshimu. Sheria ya Kentucky inamwondolea mkazi mwenye shamba, mke au mume wake, na watoto wanaomtegemea, sharti la leseni ya kuwinda na kibali cha kulungu wanapowinda kwenye shamba lao. Mpangaji anayeishi shambani humo ana haki hiyo pia. Lakini soma kipengele chote, Mzee: haki hiyo ni ya wakati wa msimu. Umesamehewa malipo. Kalenda haikusamehewa.

MKULIMA: Taja basi nilivyobanwa navyo.

WAKILI: Msimu na silaha yake: kuna siku za upinde, za gobore, na za bunduki ya kisasa, na silaha ya wiki hii huenda ikawa kosa wiki ijayo. Saa: kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kutua. Mavazi: katika misimu ya bunduki na gobore uvae rangi ya chungwa kali kichwani, kifuani na mgongoni, hata ukiwa nyuma ya banda lako. Idadi: dume mwenye pembe mmoja tu kwa mwindaji kwa msimu, jimbo zima. Majike hutegemea kaunti, kwa sababu jimbo limegawanywa kanda kufuatana na wingi wa kulungu. Kwingine wanataka wapunguzwe sana, kwingine wanataka waachwe wazaane. Na ukishaua unaandika kwenye karatasi yako ya kumbukumbu, kisha unaripoti kwa simu au intaneti kabla ya usiku wa manane wa siku hiyo, na kabla hujatenganisha kichwa au kuchuna ngozi. Unapewa namba ya uthibitisho. Mzoga ukitoka mikononi mwako, namba hiyo inakwenda nao.

MKULIMA: Kulungu wangu, bandani kwangu, kisu changu, na nipige simu?

WAKILI: Simu hiyo ndiyo hesabu uliyotaka kuifanya mwenyewe. Watu wa idara hawawezi kuwahesabu kulungu msituni mmoja mmoja. Wanachojua ni wangapi wameuawa, madume wangapi, majike wangapi, kaunti gani. Kutokana na hapo wanapanga kanda za mwaka ujao. Waliosamehewa leseni wakikaa kimya, kaunti yenye mashamba mengi itaonekana haina kulungu. Nawe ndiye utakayeambiwa usipige majike.

MPWA: Na mimi, dada Wakili? Mjomba amenilea.

WAKILI: Kwa mila zetu wewe ni mtoto wa nyumba hii. Kwa sheria ya leseni wewe ni mgeni mwalikwa. Unahitaji leseni, kibali cha kulungu, na kwa kuwa umezaliwa baada ya mwanzo wa mwaka 1975, cheti cha mafunzo ya mwindaji. Ruhusa ya Mjomba inahitajika juu ya hayo yote. Kwa Kentucky ya mdomo inatosha, ingawa ningekushauri uiandike. Karatasi hukata ubishi pale askari anapompigia Mjomba simu naye yuko ndani ya trekta hasikii.

MKULIMA: Haya ndiyo yananiudhi. Mtoto wa dada yangu mimi ndiye mjomba, kwetu mjomba ana neno juu yake kuliko baba. Sheria imekuja na mkasi, imekata ukoo ikabakiza mke na watoto.

WAKILI: Imekata, sikatai. Ukiifungua kwa mpwa, itabidi uifungue kwa binamu wa binamu, na kila gari la mjini litakuwa na ndugu shambani. Lakini nakubali ilivyokatwa haikufuata familia zetu. Ndiyo maana watu wetu wanakutwa na makosa bila nia mbaya: mjomba amesema njoo, kijana amekuja.

MWENYEKITI: Akijeruhi kulungu, akavuka kwa jirani?

MPWA: Hilo nalijua, limewahi kunikereketa. Unasimama kwenye uzio, unaweka bunduki chini, unamtafuta jirani. Akikataa, basi. Damu kwenye majani haikupi haki ya kupita.

WAKILI: Kwa Kentucky, ndiyo. Virginia wana sheria tofauti: mbwa wakianzia msako kwingine, mwindaji anaweza kuingia kwenye ardhi ya mtu kuwachukua mbwa wake. Texas wanampendelea mwenye ardhi zaidi. Huko kumuua kulungu bila idhini ya mwenye shamba ni kosa zito la jinai, na alama ya rangi ya zambarau kwenye mti au nguzo ina nguvu sawa na kibao cha kukataza kuingia. Mwenye kuhama jimbo asihame na sheria zake. Na asidhani kosa linabaki lilikofanyika: majimbo karibu yote yana mapatano ya kutambua adhabu za wenzao, ukifungiwa leseni Kentucky umefungiwa kwingi.

MPWA: Ongeza la nyama, dada. Watu wanauliza.

WAKILI: Nyama ya kulungu wa porini haiuzwi. Mpe jirani, peleka kanisani au msikitini, changia vituo vya kulisha wenye njaa, ila usiweke bei hata ya dola tano. Tukikumbuka tulikotoka, ambako nyama ya pori inapangwa sokoni, sharti hili linaonekana geni. Lakini ni soko ndilo lililomaliza kulungu wa Kentucky, na sharti hili ndilo limewazuia wasimalizwe tena.

Nani analipa soya?

MWENYEKITI: Mzee, turudi kwenye soya.

MKULIMA: Nimengoja hapo. Mmesema kulungu ni wa wote. Faida ni ya wote: mwindaji apate nyama, idara ipate leseni, mwenye hoteli apate wageni. Hasara ni ya nani? Mwaka 1917 mahakama ya rufaa ya New York ilimwambia mtu aliyeangushiwa miti yake na wanyama waitwao biva, waliolindwa na jimbo, kwamba jimbo halidaiwi kitu. Kesi ya Barrett. Mpwa wangu ndiye aliyenisomea. Kama mali ni ya umma, na bili iwe ya umma.

WAKILI: Hapo Mzee ana hoja, nami sitaizunguka. Kenya walijaribu njia unayoitaka. Walipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria yao ya mwaka 2013 ikaahidi fidia kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa na mnyama na kwa mazao yaliyoharibiwa. Ahadi ni nzuri. Malipo yamekuwa yakichelewa mno, na wakulima wamebaki na madai mkononi. Sitaki upewe karatasi ya aina hiyo.

MKULIMA: Basi nipewe njia ya Afrika Kusini. Sheria yao ya mwaka 1991 inasema mwenye ardhi iliyozungushiwa uzio wa kutosha anabaki kuwa mwenye mnyama hata akitoroka. Namibia nao waliwapa wenye mashamba haki juu ya wanyama. Wanyama hawakuisha huko. Mashamba yaliyokuwa ya ng'ombe yakageuzwa ya swala na kudu, kwa sababu mtu hutunza kinachomlipa.

MPWA: Kwa uzio mrefu, Mjomba. Kulungu wa mkia mweupe anaruka futi nane akitaka. Kuwafungia ni gharama ya tajiri, na ukishawafungia umewatoa kwa wengine wote.

WAKILI: Kuna njia ambayo tayari ipo, na watu wetu wengi hawaijui. Kentucky inamruhusu mwenye shamba kumuua mnyama anayeharibu mazao au mali yake, hata bila leseni, kwa sharti aripoti kwa askari wa wanyamapori ndani ya saa 24 ili mzoga ushughulikiwe inavyotakiwa. Idara pia hutoa lebo maalumu za kupunguza kulungu kwa shamba lililoharibiwa. Na Montana, mwaka 1940, katika kesi ya Rathbone, mahakama ilikubali kwamba mtu anaweza kujitetea kuwa alimpiga mnyama ili kuokoa mali yake, akionyesha kuwa hakuwa na namna nyingine iliyofaa.

MKULIMA: Lebo zikifika soya imeshaliwa, zina faida gani? Soya hungojwa wiki chache za mwanzo. Ofisi haina wiki, ina foleni.

WAKILI: Ndiyo sababu uombe mapema, uweke picha na tarehe, na upige majike. Wengi wanaolalamikia soya hutumia msimu wote kusubiri dume lenye pembe pana la kutundika ukutani. Jike mzima huzaa pacha mara nyingi. Aliyeacha majike sita hai mwezi wa Novemba asishangae Juni.

MPWA: Mjomba, hilo lilikuwa lako.

MKULIMA: Nimelisikia. Sina ukuta wa pembe mimi, ila rafiki zangu wanao.

Ugonjwa haujui mpaka

MWENYEKITI: Kuna jambo lililobadilisha mjadala huu miaka ya karibuni.

WAKILI: Ugonjwa wa kudhoofisha kulungu. Ulionekana kwanza mwaka 1967 katika kituo cha utafiti Colorado. Chanzo chake ni protini iliyojikunja vibaya, iitwayo prioni, inayoharibu ubongo. Kulungu anaweza kubeba ugonjwa mwaka mzima na zaidi bila dalili, huku akiutoa kwa mate, mkojo na kinyesi. Dawa hakuna, chanjo hakuna, na prioni hukaa udongoni kwa miaka. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata, lakini wataalamu wa afya wanasema nyama ya kulungu aliyekutwa nao isiliwe. Mwaka 2021 ulipatikana Tennessee karibu kabisa na mpaka wetu. Desemba 2023 ukathibitishwa Kentucky, kaunti ya Ballard.

MKULIMA: Ballard iko ncha ya magharibi. Mimi na Ballard wapi na wapi?

MPWA: Kulungu dume kijana huhama maili nyingi kutafuta mahali pake. Na mzoga husafiri kwa gari kuliko kulungu kwa miguu.

WAKILI: Ndiyo maana katika kaunti zilizowekwa chini ya uangalizi, kumwaga mahindi ya kuwavutia kulungu kumekatazwa hata kwenye shamba binafsi, kuna vipindi vya lazima vya kupeleka kichwa kupimwa, na kuna sehemu za mzoga zisizotolewa nje ya eneo. Mzee, hebu fikiri: rundo la mahindi linakusanya midomo ya kulungu wa mashamba matano mahali pamoja. Mahindi ni yako, ardhi ni yako, mate ni ya watano.

MKULIMA: Kwa hili sina ugomvi. Tulipokuwa na kipindupindu kwenye kambi ya wakimbizi hakuna aliyeuliza ndoo ni ya nani. Shida yangu ni kwamba kanuni hizi hubadilika kila msimu na kuandikwa kwa Kiingereza kigumu. Kaunti fulani imeingizwa, nyingine imetolewa. Mtu anakosa sheria aliyoifuata mwaka jana.

WAKILI: Hilo ni deni la idara. Jimbo lenye maelfu ya wasemaji wa Kiswahili linaweza kuchapa kurasa nne za Kiswahili kabla ya kila msimu.

Askari langoni

MWENYEKITI: Limebaki moja, na naona Mzee amekaa mbele ya kiti.

MKULIMA: Lango langu lina kufuli. Askari wa wanyamapori anaweza kuliruka, akapita shambani, akaangalia, bila karatasi ya hakimu. Polisi wa kawaida haingii chumbani kwangu hivyo. Mtu aliyekimbia watu wenye sare hasahau akiona sare inatoka katikati ya mahindi yake.

WAKILI: Kisheria uliyosema ni kweli. Mwaka 1924 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Katiba, inapozuia upekuzi bila kibali, inalinda nyumba na uwanja wa karibu nayo, na hailindi mashamba ya wazi. Mwaka 1984 ikairudia kauli hiyo katika kesi ya Oliver, iliyotoka hapa hapa Kentucky. Polisi walipita pembeni ya lango lililofungwa, lenye kibao cha kukataza kuingia, wakakuta bangi zaidi ya maili moja kutoka nyumbani. Mahakama ikasema hawakuvunja Katiba.

MPWA: Tennessee wamegeuka.

WAKILI: Mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa ya Tennessee ilitazama katiba ya jimbo lake, ikasema askari wa wanyamapori hawakuwa na haki ya kuingia bila kibali kwenye ardhi ambayo mwenyewe anaitumia. Walikuwa wamefika hadi kutundika kamera mitini. Hukumu hiyo haivuki mpaka kuja kwetu, ila kila jimbo linaweza kulinda zaidi ya Katiba ya nchi.

MKULIMA: Basi Kentucky ilinde.

WAKILI: Hapa tunaachana, Mzee. Uwindaji haramu hufanyika mbali na nyumba, usiku, kwa taa kali, na ushahidi huliwa. Askari akisubiri hakimu aamke, kinachobaki ni manyoya na mifupa. Mtu anayeheshimu msimu ndiye anayemhitaji askari huyo zaidi.

MKULIMA: Akifuata mlio wa risasi usiku, aje, nitamfungulia na chai nitampa. Akija kuchungulia mchana bila sababu, alete karatasi. Tofauti hiyo hata mtoto anaiona.

MPWA: Mimi nipo na Mjomba kwa hili.

WAKILI: Basi nimebaki peke yangu, na sijashawishika.

Mwisho

MWENYEKITI: Hoja kama ilivyoletwa imeanguka, na Mzee mwenyewe ndiye aliyeibomoa aliposema hana ugomvi na sheria za ugonjwa. Akishakubali kwamba kulungu wake huchanganya mate na wa jirani, hawezi tena kuhesabu peke yake. Mzee, unaiacha au unaifanyia marekebisho?

MKULIMA: Naifanyia marekebisho. Nitaripoti kila kulungu, nitavaa chungwa, nitangoja msimu. Kwa upande wao, lebo za kuokoa mazao zitoke soya ikiwa bado changa. Kanuni zifike kwa lugha tunayoisoma. Na anayeingia langoni mwangu mchana bila dharura aje na kibali. Nasikia Texas mwenye ardhi anayekubali kuweka takwimu za kulungu wake na kutunza makazi yao hupewa lebo zake mwenyewe na msimu mrefu hadi mwisho wa Februari. Mkulima anayehesabu vizuri aaminiwe zaidi. Hapo nitasema tumekutana.

WAKILI: Mawili ya kwanza nayaunga mkono bila sharti, na hilo la Texas ningependa lijaribiwe. La kibali tutakutana tena, mbele ya Baraza la Wawakilishi ikibidi.

MWENYEKITI: Mpwa, una neno?

MPWA: Ninalo, lakini ni la Mjomba. Msimu unaanza Jumamosi. Nije?

MKULIMA: Njoo. Leseni yako niione kabla hujashuka garini, na mwaka huu tunaanza na majike.